"CD30 chanya" si virusi: ripoti ya kinyama inasema nini hasa

Saa nne usiku simu yangu iliita. Alikuwa mpwa wangu, sauti imemkauka. "Shikamoo mjomba. Majibu ya mama yametoka. Wameandika CD30 chanya. Mjomba, ina maana mama ana virusi?"

Nikamwambia anitumie picha ya karatasi. Zilikuwa kurasa mbili, na katikati ya ule wa pili palikuwa na msururu: CD30 chanya, CD15 chanya, PAX5 chanya hafifu, CD45 hasi, CD3 hasi, Ki-67 asilimia 80. Kijana alikuwa akiijua CD4 kwa sababu ya habari za UKIMWI, na neno "chanya" akilijua kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo akaviunganisha. Ile asilimia 80 nayo aliielewa kwamba saratani imeshakula asilimia 80 ya mwili wa mama yake. Alikuwa amekaa na mzigo huo peke yake tangu alasiri.

Nimefanya kazi miaka mingi katika maabara ya patholojia, upande wa kuandaa vinyama, na hofu ya namna hii nimekutana nayo mara nyingi mno. Inaniuma, kwa sababu karatasi ileile inayomtisha mtu ndiyo mara nyingi imebeba habari itakayomponya. Basi hapa naandika niliyomweleza usiku ule, pamoja na mengine ambayo hatukuyafikia.

Tuanze na maneno. "Kinyama" ni kipande cha mwili kinachokatwa au kuchotwa kwa sindano ili kichunguzwe. Patholojia ni taaluma ya kuutambua ugonjwa kwa kuangalia viungo, nyama na seli zenyewe. Wengi wanadhani daktari wa patholojia ni wa maiti tu. Kwa kweli kazi yake kubwa ni ya walio hai: katika saratani nyingi, yeye ndiye anayeupa ugonjwa jina, na daktari wa wodini anasubiri jina hilo ndipo achague dawa.

Saratani nayo haiitwi kwa mahali ilipokutwa tu. Huitwa kwa aina ya seli iliyoasi. Ikiasi seli ya utando unaofunika au kuvisha viungo kwa ndani, hiyo ni kasinoma. Ikiasi seli ya msuli, mfupa au mafuta, ni sarkoma. Seli za kinga zikiasi ndani ya tezi za limfu, ni limfoma. Kwa hiyo uvimbe wa shingoni unaweza kuwa limfoma iliyozaliwa hapohapo, au kasinoma iliyosafiri kutoka kooni, au sarkoma, au usiwe saratani kabisa. Kwa mkono unahisi donge lilelile.

Safari ya kinyama

Kinyama kikitoka mwilini kinaanza kuoza mara moja, kwa hiyo kinatumbukizwa kwenye fomalini. Dawa hiyo huzifunga protini mahali pake ili seli zibaki na sura iliyokuwa nayo. Baada ya hapo kinaondolewa maji, kinaingizwa nta iliyoyeyushwa, na kinaganda ndani ya kitofali kidogo cha nta. Kitofali hicho kinafungwa kwenye mashine yenye wembe, na kila mzunguko wa mkono unatoa utepe mwembamba wa mikromita tatu au nne. Seli moja nyekundu ya damu ina upana wa mikromita saba hivi, kwa hiyo tunakata utepe ambao unene wake ni kama nusu ya seli. Ukipumua vibaya unaruka. Tunauweka uelee juu ya maji ya uvuguvugu, mikunjo inajinyoosha yenyewe, halafu tunaupokea kwa kioo.

Hadi hapo kioo ni kama kitupu, huoni kitu. Ndipo zinakuja rangi mbili: hematoksilini, ambayo asili yake ni mti, inayotia viini vya seli buluu ya zambarau, na eosini, inayotia sehemu iliyobaki waridi. Ni njia iliyoanza karne ya 19 na mpaka leo ndiyo msingi wa kazi yote. Kabla ya alama yoyote ya CD, mtaalamu anaweka jicho kwenye hadubini na kuuliza: je, mpangilio wa tezi bado upo au umevurugwa? Viini ni vikubwa kupita kiasi? Seli zinagawanyika hovyo?

Mara nyingi jibu linapatikana hapo. Tatizo linakuja seli zinapofanana. Kwa watoto, kwa mfano, kuna kundi zima la saratani ambazo chini ya hadubini zote ni vijiduara vidogo vya buluu vilivyosongamana: limfoma, sarkoma ya Ewing, nyuroblastoma, sarkoma changa ya misuli. Ukiziweka kando kwa kando, hata jicho la miaka thelathini linaweza kusita. Lakini matibabu yake hayafanani, na kukosea ni kumpa mtoto dawa kali isiyo yake.

Kumtafuta mgeni kwa shati lake

Fikiria umetumwa stendi kumpokea mgeni ambaye humjui sura. Umeambiwa jambo moja tu: amevaa shati jekundu. Unapita katikati ya umati, hujali nyuso, unatazama mashati. Ukimpata unasimama kando yake na kuinua kibendera.

Kingamwili hufanya kazi hiyo. Ni protini ambayo mwili huitengeneza ili ishike kitu kimoja mahususi na kuacha vingine. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein walionyesha namna ya kutengeneza maabara kingamwili za aina moja tupu, kwa wingi usiokwisha, na mwaka 1984 wakapata Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Sisi tunaudondoshea ule utepe kingamwili inayotafuta protini fulani. Isipokutana na protini yake, inaoshwa na kwenda na maji. Ikiipata, inashikamana nayo, kisha tunaongeza kemikali inayogeuka kahawia pale iliposhika. Kibendera kimeinuliwa. Kazi hii inaitwa imunohistokemia. "Chanya" ni kwamba kahawia imeonekana, "hasi" ni kwamba haikuonekana. Hakuna zaidi ya hapo. Neno hilo halisemi mtu ameambukizwa, wala halisemi ugonjwa ni mkali.

Kabla ya kudondosha tunavichemsha vioo ndani ya maji yenye dawa, karibu na nyuzi 100, kwa sababu ile fomalini iliyozifunga protini imezificha pia. Na kila mara tunaweka kipande cha kupimia cha nyama ambayo majibu yake tunayajua, aghalabu tonsili. Tonsili isipotoa kahawia mahali inapopaswa, siku hiyo hakuna jibu linaloaminika, tunarudia.

Sasa hizo CD. Wanasayansi waliokuwa wakitengeneza kingamwili kila mmoja kwao walijikuta wanaita protini moja majina kumi. Mwaka 1982 wakakutana Paris na kuanza kuzipa namba za pamoja zinazotanguliwa na herufi CD, na leo zimepita 350. Namba ni ya foleni tu. CD30 si hatua ya juu kuliko CD20, wala CD4 haikaribiani na CD5 kwa ubaya.

CD4 yenyewe ni protini iliyo juu ya seli T wasaidizi, askari wa kinga wanaowaamrisha wenzao. Virusi vya UKIMWI vinaitumia protini hiyo kama mlango wa kuingilia, kwa hiyo anayepimwa "CD4" katika kliniki anahesabiwa askari waliobaki. Kila mwenye afya anazo. Vivyo hivyo CD3 ni vazi la seli T zote, CD20 la seli B, kundi jingine la askari wa kinga, CD138 la seli za plazma zinazotengeneza kingamwili, CD68 na CD163 la makrofaji wanaokula uchafu. CD45 wanaivaa karibu seli nyeupe zote za damu. Vitu hivi ni sare za kazi, na seli ikiasi mara nyingi inabaki na sare yake. Hapo ndipo tunaposhika asili yake.

Lakini si kila mvaa kanzu ni shehe. Alama moja haitoshi. CD30 inaonekana katika limfoma ya Hodgkin, katika limfoma nyingine ya seli T, katika aina mojawapo ya saratani ya korodani, hata katika seli za kinga zisizo na saratani yoyote zinapokuwa kwenye mapambano. Mtaalamu anasoma msururu wote, chanya na hasi kwa pamoja, tena juu ya sura aliyoiona kwa rangi za kawaida.

Tuirudie karatasi ya dada yangu. CD30 na CD15 chanya, CD45 hasi, CD3 hasi, PAX5 hafifu. Huo ni mchoro maarufu wa limfoma ya Hodgkin. Thomas Hodgkin aliueleza ugonjwa mwaka 1832, na seli zake kubwa zenye viini viwili kama macho ya bundi zikaelezwa na Carl Sternberg mwaka 1898 na Dorothy Reed mwaka 1902. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba katika uvimbe huo seli za saratani ni chache mno, pengine moja katika mia. Zilizobaki ni seli za kawaida za kinga zilizoitwa kuja na kukusanyika. Na hizo chache zimevua sare karibu zote: zilitokana na seli B, lakini CD20 kwa kawaida zimeitupa, na CD45 pia. Ilichukua hadi miaka ya 1990 kuthibitisha kwao ni wapi. PAX5, alama ya seli B, ikibaki hafifu ni kama lafudhi iliyomng'ang'ania mtu aliyebadili mavazi na jina.

Na Ki-67? Jina linatokana na mji wa Kiel, Ujerumani, ambako iligunduliwa mwaka 1983. Inaonyesha ni sehemu gani ya seli za uvimbe ziko katika harakati za kugawanyika. Asilimia 80 ni ya seli za saratani zilizomo kwenye utepe ule, haihusu mwili wala miezi iliyobaki. Limfoma ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza kwa watoto wa Uganda mwaka 1958, Ki-67 yake hukaribia 100. Hata hivyo watoto wengi wakipata dawa zinazofaa wanapona, maana dawa nyingi za saratani huzipiga zaidi seli zinazogawanyika.

Pale swali lisipoulizwa

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo. Kingamwili hujibu kile ilichoulizwa tu. Umemtuma mtu akatafute shati jekundu, hatakwambia nani amevaa la buluu. Mashine haiwezi kupima alama zote ili ijitolee jibu, lazima binadamu akisie kwanza, kutokana na sura aliyoiona, aulize lipi.

Saratani zisizo za kawaida hupotelea hapo. Ndani ya tezi za limfu kuna seli zenye matawi ziitwazo seli za dendriti za folikuli. Kazi yake ni kushikilia vipande vya vijidudu na kuvibandika kama matangazo ukutani, seli B zipite zisome. Ni nadra sana, lakini huweza kuasi na kufanya sarkoma, iliyoelezwa rasmi mwaka 1986. Seli zake ni ndefu, zimejipanga kwa mizunguko, na katikati yake kuna seli nyeupe zimetapakaa. Ikitokea kwenye tonsili inaweza kudhaniwa kasinoma. Ikitokea tumboni inaweza kudhaniwa sarkoma nyingine yoyote. Ukipima alama za kasinoma, hasi. Za misuli, hasi. Za melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, hasi. Unaweza kujaza karatasi nzima hasi tupu, ukaishia kuandika "uvimbe usiotambulika". Lakini mtu akikumbuka kuuliza CD21, CD23 na CD35, utepe unajaa kahawia. Kwa mgonjwa hilo si jambo dogo, kwa sababu huu si ugonjwa wa kutibiwa kama limfoma. Uvimbe ukiwezekana kutolewa wote, upasuaji ndio hutangulia.

Nyingine ni ya seli za Langerhans, walinzi wa ngozi. Paul Langerhans alizichora mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, akadhani ni za mishipa ya fahamu. Zikizidi na kujirundika hula mifupa, na mtoto huweza kuletwa na donge kichwani ambalo kwenye eksirei ni tundu katika fuvu. Alama mbili za seli hizo, CD1a na langerini, zinamaliza ubishi. Mwaka 2010 ikaonekana kwamba zaidi ya nusu ya vinyama vya ugonjwa huu vina badiliko katika jeni iitwayo BRAF, na hapo ndipo imunohistokemia inapokabidhi kazi kwa vipimo vya jeni.

Ya tatu naitaja kwa ajili ya mpwa wangu na CD4 yake. Kuna saratani adimu ya damu inayoanza mara nyingi kwenye ngozi, mabaka ya zambarau kama mahali palipovilia damu, bila maumivu. Alama zake kuu ni CD4, CD56 na CD123. CD4 chanya, na hakuna uhusiano wowote na virusi vya UKIMWI.

Alama hizi pia si za kutambulisha tu. Dawa ya rituximabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, ni kingamwili inayoishika CD20 ndani ya mwili wa mgonjwa kama tunavyoishika sisi kwenye kioo. Brentuximabu, ya mwaka 2011, inaifuata CD30 ikiwa imebeba sumu mgongoni. Kwa ile ya mabaka ya zambarau, dawa inayolenga CD123 iliidhinishwa mwaka 2018. Kwa hiyo neno lililomnyima kijana usingizi, CD30 chanya, ndilo lililoonyesha kwamba mama yake ana shabaha ambayo dawa inaweza kuilenga.

Yanayosemwa mitaani

"Ukiguswa kisu saratani inasambaa." Naelewa lilikotoka. Wengi huja ugonjwa umeshakwenda mbali, wanakatwa kinyama, wanazidiwa, na lawama inakiangukia kisu. Kweli zipo saratani chache ambazo daktari huwa mwangalifu na njia ya sindano. Kwa sarkoma, mpasuaji huipanga mapema ili siku ya operesheni aitoe pamoja na uvimbe. Lakini kuacha kinyama kwa hofu hiyo kunamwacha mgonjwa bila jina la ugonjwa, na bila jina hakuna tiba ya uhakika.

"Wangepima damu tu." Kwa lukemia, ambayo imo ndani ya damu, damu husaidia sana. Kwa uvimbe ulio ndani ya tezi, mara nyingi haitoshi. Na hata sindano nyembamba ina mipaka yake: inanyonya seli bila mpangilio wao, kama kuletewa matofali ya nyumba iliyobomolewa na kuulizwa vyumba vilikuwa vingapi. Ndiyo maana kwa limfoma madaktari hupenda kutoa tezi nzima inapowezekana.

"Mwanzie dawa tuone." Hili linaniogopesha kuliko yote. Homa, jasho la usiku, kukonda na tezi za shingoni ni dalili za kifua kikuu, na ni dalili za limfoma vilevile. Wapo waliomeza dawa za kifua kikuu miezi bila kinyama hata kimoja, uvimbe ukiendelea kukua. Wengine hupewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, tezi zinanywea, kila mtu anashukuru. Limfoma inaweza kunywea kwa prednisoloni wiki kadhaa kisha irudi, na kinyama kikikatwa wakati huo tunakuta seli zilizokufa na hatuna la kusema.

"Majibu yamechelewa, wananificha." Fomalini inahitaji muda kupenya, mfupa unahitaji siku za ziada kulainishwa, na kila duru ya kingamwili ni swali jipya linalotokana na jibu la jana. Ugonjwa ukiwa adimu, vioo hupelekwa kwa mtaalamu mwingine. Ukisikia hivyo, jua kuna mtu ameona jambo lisilokaa sawa na amekataa kubahatisha.

Kuchelewa kwingine kuna makosa, sikatai. Siku moja nilipokea chupa yenye tezi ya kijana wa miaka kumi na tisa. Kifuniko nilipokifungua, harufu ilinieleza kabla sijatazama: ilikuwa imewekwa kwenye maji ya chumvi badala ya fomalini, na imekaa siku tatu. Nilikikata hivyohivyo. Seli zilikuwa zimeyeyuka, vivuli vitupu, na kingamwili zote zikashika ovyo. Kijana yule ilibidi arudishwe kukatwa upya. Tangu siku hiyo, ndugu wakiniuliza nawaambia wasione haya kuuliza pale pale: "Daktari, kimewekwa kwenye fomalini? Jina limeandikwa kwenye chupa yenyewe au kwenye kifuniko tu?"

Na ripoti ikitoka, usianzie kwenye msururu wa CD. Tafuta mstari wa hitimisho, aghalabu umeandikwa mwanzoni au mwishoni kabisa. Huo ndio jina la ugonjwa, msururu ni ushahidi wake. Hitimisho likiwa na maneno kama "inaelekea kuwa" au "haiwezi kutofautishwa na", muulize daktari ni kipimo gani kingeondoa shaka. Kuomba jicho la pili si kumdharau mtu. Kile kitofali cha nta hakitupwi, hukaa miaka kabatini, na kinaweza kukatwa tena na kuulizwa swali jipya bila mgonjwa kuguswa.

Cha dada yangu kilikatwa tena. Mpwa wangu alikibeba mwenyewe kwenye bahasha hadi maabara nyingine, na baada ya siku sita akanipigia. Jibu ni lilelile, limfoma ya Hodgkin, na daktari amewaeleza kwamba wengi wa wenye ugonjwa huo hupona. "Nimemsomea mama msururu wote, mjomba," akaniambia. "CD moja baada ya nyingine. Ameuliza hiyo PAX5 ni nini, nikamwambia ni lafudhi." Dawa anaanza Jumatatu.